Konyaki si ya kupigwa tarumbeta
Wanaolalamikia bei ya konyaki wangeangalia kwanza kinachopungua njiani. Kule Cognac, Ufaransa, mvinyo mweupe mchachu hukenekwa mara mbili kwenye mitambo ya shaba. Matone ya kwanza, yenye harufu kali kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, hutengwa. Ya mwisho nayo hutengwa. Ya katikati ndiyo huingia kwenye pipa la mwaloni, yakae humo miaka isiyopungua 2. Hata humo, takriban asilimia 2 huyeyuka kila mwaka, na mvuke wake hulisha kuvu mweusi anayetanda kwenye kuta na mapaa ya maghala. Kazi yote hiyo, halafu mtu aimalize kwa mkupuo mmoja! Anayetaka kulewa tu atafute cha bei nafuu. Konyaki humiminwa kidogo, ikanuswa, ndipo ikaonjwa.