Farasi Hakusema Amepona

Kuna hoja moja inayotolewa kumaliza kila ubishi kuhusu tiba ya mapigo ya sumaku kwa wanyama: mnyama hadanganyiki. Binadamu, tunaambiwa, huweza kupata nafuu kwa imani tu, lakini farasi hajui blanketi la tiba hiyo alilovishwa lina nini ndani, wala mbwa hajasoma tangazo. Akitembea vizuri baada ya tiba, basi tiba imefanya kazi. Hoja hiyo ni potofu, na wanaoumia kwa upotofu wake ni viumbe wasioweza kulalamika.

Sina ugomvi na fizikia. Umeme ukipita kwa mapigo katika koili ya waya wa shaba huzaa uga wa sumaku unaopenya ngozi, nyama na mifupa, na kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831, uga huo unaobadilika huamsha umeme mdogo ndani ya mwili. Katika miaka ya 1970 daktari wa mifupa Andrew Bassett wa New York na wenzake waliitumia njia hiyo kwa mifupa iliyovunjika ikakataa kuunga, na mwaka 1979 serikali ya Marekani ikaruhusu kifaa cha aina hiyo kwa wagonjwa hao. Yapo pia majaribio machache, kwa mbwa waliopasuliwa mgongo, yenye dalili njema. Hayo nayakubali. Nisichokubali ni blanketi linalonadiwa kwa mgongo, kano, viungo, woga na uchovu kwa pamoja, na ushahidi wake ukawa ni neno la mwenye mnyama.

Maana nani anayehukumu kwamba farasi amepona? Si farasi. Ni yule aliyelipa, anayempenda, aliyekesha akimwombea. Mwaka 2012 watafiti Michael Conzemius na Richard Evans walichapisha matokeo ya mbwa 58 waliokuwa wakichechemea kwa ugonjwa wa viungo, na ambao walipewa dawa isiyo dawa. Mashine ilipima nguvu ambayo kila mguu uliikanyagia ardhi. Mara nyingi mashine haikuona badiliko lolote, huku mwenye mbwa akiona nafuu. Madaktari wa mifugo nao, watu waliosomea kazi hiyo, waliona nafuu isiyokuwepo. Hakuna aliyesema uongo. Jicho lenye matumaini huona linachokitamani.

Hata hilo la mnyama kutojua si kweli tupu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Berlin ilistaajabia farasi aliyeitwa Hans, aliyejibu hesabu kwa kugonga ukwato. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alionyesha kwamba Hans alikuwa akisoma miondoko midogo ya mwili wa muulizaji. Muulizaji asipojua jibu, Hans naye alikosea. Farasi hutusoma. Mwenye farasi akiingia zizini ametulia kwa sababu ana imani na mashine, farasi naye hutulia. Tena ni mnyama aliyeumbwa kuwindwa, hodari wa kuficha maumivu. Kusimama kwake kimya chini ya blanketi si cheti cha kupona.

Hapa Handsworth, Birmingham, katika kanisa la St Mary's, amezikwa mhandisi James Watt. Alipowauzia injini za mvuke watu waliozoea farasi, hakuwaomba waamini macho yao. Alikadiria kazi ya farasi mmoja kuwa sawa na kuinua ratili 33,000 kwa futi moja kila dakika, na kipimo hicho cha nguvu ya farasi dunia inakitumia hadi leo. Tiba ya farasi nayo inapimika. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014, farasi wa polo wenye maumivu ya mgongo waligawanywa: wengine walipata mapigo ya kweli, wengine kifaa kisichofanya kitu, na wapimaji hawakuambiwa yupi ni yupi. Hakukuonekana tofauti ya maana.

Watu huniambia: hata kama haisaidii, haidhuru. Inadhuru. Farasi anayechechemea ghafla mara nyingi ana jipu ndani ya ukwato, na kila siku anayolazwa chini ya blanketi ni siku ya maumivu ambayo kisu cha daktari kingeyamaliza. Aliyeumia kano anahitaji miezi ya kupumzishwa. Akipewa mapigo na mapumziko kwa pamoja, sifa huenda kwa mashine. Ndiyo maana sheria ya Uingereza ya mwaka 1966 iliwaachia madaktari wa mifugo kazi ya kutambua ugonjwa. Na punda wa Lamu, ambao tangu 1987 wana kliniki yao kisiwani, wamesaidiwa na mambo yasiyo na fahari: dawa za minyoo, kusafishwa vidonda, kutunzwa kwato.

Kwa hiyo nakuomba, wewe mwenye farasi, mbwa au punda: kabla hujalipia blanketi, mwite daktari ajue kinachouma ni nini. Ukiamua kulijaribu, mwendo wa mnyama uhukumiwe na mtu asiyejua siku zipi mashine iliwashwa na zipi ilizimwa. Muuzaji akikataa sharti hilo, baki na pesa zako.