Visiwa Vidogo vya Zanzibar: Jina na Msitu Vilindwe Pamoja na Uwekezaji

ZANZIBAR: Hatua ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ya kukodisha visiwa vidogo kwa wawekezaji, iliyoshika kasi mwaka 2021 chini ya dira ya Uchumi wa Buluu, imeelekeza macho ya wananchi kwenye fedha na ajira. Yapo hata hivyo mambo mawili yasiyoonekana kwa urahisi katika hesabu za mkataba, nayo ni jina la kisiwa na msitu wake.

Kisiwa cha Changuu, kilicho mbele ya Mji Mkongwe, ni mfano wa wazi. Jina lake linatokana na samaki aina ya changu, na ni ushahidi kwamba wavuvi ndio waliokijua kisiwa hicho mwanzo. Mwaka 1893 kilinunuliwa na Lloyd Mathews, Waziri wa Kwanza wa Zanzibar wakati huo, kwa nia ya kujenga gereza. Jengo lilisimama, lakini likaja kutumika kama karantini ya wasafiri waliohofiwa kuwa na maradhi. Hata leo watalii wengi hukiita kisiwa cha gereza, ingawa gereza hilo halikuwahi kufanya kazi iliyokusudiwa. Jina la kigeni limehifadhi nia ya mtawala, na jina la wenyeji limehifadhi riziki ya watu.

Huko Pemba, jina la Kisiwa cha Misali huhusishwa na msala. Masimulizi ya wenyeji yanaeleza kuwa Nabii Khidhri alikifanya kisiwa hicho kuwa msala wake wa kusalia. Imani hiyo imesaidia kujenga heshima kwa kisiwa na kuipa nguvu hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1998. Kubadili jina kama hilo kwa ajili ya matangazo ya biashara ni kuondoa moja ya nguzo za ulinzi wake.

Kuhusu msitu, Kisiwa cha Chumbe kinatoa funzo. Mwaka 1994 Serikali ilitangaza msitu wake na miamba yake ya matumbawe kuwa hifadhi, na usimamizi ukakabidhiwa kampuni binafsi. Mwaka 1997 panya waliokuwa wakila mbegu, miche na mayai ya ndege waliangamizwa. Paa nunga, mnyama adimu, akahamishiwa huko. Nyumba za wageni ni saba tu, zinatumia maji ya mvua kwa kuwa kisiwa hakina maji baridi, na sehemu kubwa ya ardhi imebaki msitu.

Msitu wa maweni huota katika udongo mchache uliojikusanya kwenye nyufa za mawe. Mti ukikatwa na kisiki kubaki, machipukizi hutoka na msitu hurudi taratibu. Tingatinga likikwangua udongo na kung'oa mizizi, hakuna kinachobaki cha kuchipua. Kwa hiyo swali la msingi kwa kila mradi ni namna ardhi itakavyosafishwa, kabla hata ya kuhesabu vyumba vitakavyojengwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015 inaweka utaratibu wa tathmini ya athari za mazingira. Tathmini hiyo itakuwa na uzito zaidi endapo mikataba itataja bayana eneo la msitu lisiloguswa, itadumisha jina la asili katika nyaraka na mabango, na itaeleza hatima ya wavuvi wanaopiga dago katika visiwa hivyo.

Mwekezaji hupewa kisiwa kwa muda, na muda huo ukiisha kisiwa hurudi mikononi mwa wananchi. Kikirudi kikiwa mwamba mtupu wenye jina geni, kodi iliyokusanywa haitatosha kununua kilichopotea. Mfano wa Chumbe unaonesha kwamba mapato na hifadhi vinaweza kwenda pamoja, mradi masharti yaandikwe kabla ya jiwe la msingi kuwekwa.