Waya wa spika: tusidanganyane jamani!

Wadau, leo siasa naiweka kando. Nina hasira na wauza waya.

Mjomba wangu kastaafu. Kwenye kiinua mgongo chake akatenga fedha za kugeuza chumba kimoja kiwe cha kutazamia sinema: televisheni kubwa, amplifaya, spika tano na sabuufa. Kila kitu safi, ila spika za mbele zikawa hazina besi. Fundi wa duka alikonunua akatikisa kichwa: "Mzee, huu waya wako wa bei poa ndio unanyonya muziki." Dawa? Waya mnene wenye ganda la kumeta, ambao bei yake ingetosha kununua spika nyingine mbili. Mjomba akanipigia simu nimsindikize kwenda kulipa. Nikamwambia, subiri kwanza.

Hivi kwa nini watu hawaambiwi ukweli? Waya wa spika hauna uchawi. Maswali ni matatu tu: una urefu gani, una unene gani, na je, ni shaba kweli?

Chukua waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, unene ule ule ambao mafundi umeme hutumia kwenye soketi za majumbani. Uvute mita 10 hadi spika ya nyuma. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 20. Ukinzani wake ni kama omu 0.14. Kwa spika ya omu 8, kinachopotea njiani hakifiki hata 2%. Sikio gani hilo litakalosikia? Kwa spika za mbele, mita 3 au 4, waya wa 1.5 unatosha kabisa.

Sisemi mkanunue uzi! Waya wa 0.5 kwa mita hizo 10 utakula karibu 8%. Na bei kubwa si ushahidi wa shaba. Kata kipande, kwarua uzi mmoja kwa kisu. Ukiwa mweupe mpaka ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na alumini hupitisha umeme kwa shida zaidi.

Wapo watakaosema mimi sina masikio. Sawa. Mwaka 2007, James Randi wa Marekani aliahidi dola milioni 1 kwa atakayeweza kutofautisha, kwa kusikiliza tu bila kujua upi ni upi, waya za Pear Anjou za dola 7,250 na waya za bei ya chini. Shindano lake likafungwa mwaka 2015, fedha hazijachukuliwa na mtu.

Turudi kwa mjomba. Jumamosi nilikwenda kwake, nikachungulia nyuma ya spika za mbele. Moja ilikuwa imefungwa sawa. Ya pili, chanya ilikuwa kwenye hasi! Spika moja inasukuma, mwenzake anavuta, besi zinauana zenyewe. Na aliyezifunga ni fundi yule yule aliyekuwa anauza dawa.

Nikageuza ncha mbili. Dakika tano. Mjomba akakaa kimya, akasikiliza, halafu akasema: "Kumbe nilikuwa nakwenda kulipia kosa lao?"

Ndiyo, mjomba. Na wangapi wameshalipa?

Naomba kuwasilisha.