Wa Kwanza Kuruhusiwa

Tuache kidogo kushangilia neno "wa kwanza". Mkenya wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa Ulaya. Mkenya wa kwanza Ligi Kuu ya Uingereza. Tunalitia kwenye hotuba, tunalichora kwenye matatu, kisha kila mtu anaenda zake. Hakuna anayeuliza: kama huyu ndiye wa kwanza, wale wa kabla yake walikuwa wapi? Hawakujua mpira? Walijua sana. Mlango ulikuwa na bawabu, basi. "Wa kwanza" maana yake ni wa kwanza kuruhusiwa.

Mchukue McDonald Mariga. Mtoto wa Muthurwa, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, babake Noah Wanyama aliwahi kuchezea AFC Leopards. Januari 2010 Manchester City walimtaka kutoka Parma. Uingereza ikamnyima kibali cha kazi, kwa sababu Kenya haikuwa kati ya timu 70 bora za taifa duniani. Siku chache baadaye Inter Milan wakamchukua, na tarehe 22 Mei mwaka huo huo Inter wakabeba Kombe la Mabingwa pale Madrid, yeye akiwa kikosini. Miguu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni meza iliyokagua karatasi.

Kuna msee ataniambia, "Hiyo ni sheria tu, haina rangi." Sawa. Lakini mchezaji wa Malta au Luxembourg, nchi ambazo hazitishi mtu yeyote uwanjani, hakuhitaji kibali hicho hata kidogo, kwa sababu pasipoti yake ni ya Umoja wa Ulaya. Sheria haihitaji kutaja ngozi ndipo ijue nani wa kumsimamisha mlangoni. Mdogo wake, Victor Wanyama, ilibidi azunguke: Ubelgiji, halafu Scotland. Akaifunga Barcelona akiwa Celtic mwaka wa 2012, ndipo Southampton wakamchukua mwaka uliofuata. Angalia bei ya kuingia: lazima kwanza uifunge Barcelona.

Na hata ukiingia, hesabu haijaisha. Mario Balotelli, aliyekuwa Inter pamoja na Mariga, alizaliwa Palermo. Bado mashabiki walimwimbia kwamba hakuna Mwitaliano mweusi. Mabao anafunga, nchi wanamnyima.

Sasa turudi mtaani, maana hapa ndipo wengi wetu tunapenda kunyamaza.

Aprili 1954, wakoloni walifanya Operesheni Anvil hapa Nairobi. Wanajeshi waliingia Eastlands, wanaume wakatolewa majumbani, wakapangwa mistari, karatasi zikakaguliwa, maelfu kwa maelfu wakapelekwa kambini. Julai hiyo hiyo, Nyandika Maiyoro alikuwa London, uwanja wa White City, akikimbia maili tatu pekupeku. Aliwatoka Waingereza mapema, wakaja kumpata, akamaliza wa tatu nyuma ya Fred Green na Chris Chataway. Watu wakampigia makofi. Mwafrika mmoja alipigiwa makofi London miezi mitatu tu baada ya Waafrika wenzake kuchuchumalishwa barabarani Nairobi, chini ya serikali moja.

Utasema hayo ni ya mkoloni. Haya, 2010. Mwaka ule ule Mariga anabeba kombe, wapangaji wa Muthurwa, mtaa uliomlea, walipewa notisi ya kuhama, na ubomoaji ukaanza. Ilibidi waende kortini. Mwaka wa 2013 Mahakama Kuu ikasema haki yao ya makazi na utu wao vilikuwa vimekiukwa. Hapo hapakuwa na mzungu. Ni sisi kwa sisi, na tabia ni ile ile: anayeshinda tunampokea uwanja wa ndege, aliyebaki tunamtumia tingatinga.

Ndio maana heshima ya kusubiri kombe siikubali. Hiyo ni zawadi, na zawadi inaweza kuchukuliwa wakati wowote. Mimi nimekulia huku. Niliacha chuo karo iliponishinda, sasa naishi kwa kuandika, na najua vile mtu anabadilisha sauti ukimwambia unaishi wapi. Najua swali la polisi usiku, "ID iko wapi?", likiulizwa kabla ya salamu. Mwanariadha aliye Ulaya akikataa kudharauliwa, tunampongeza, tunasema ametutetea. Kijana wa Dandora akimjibu afisa kwa lugha hiyo hiyo, tunasema hana adabu. Ni dai moja hilo. Tofauti ni medali tu.

Kwa hivyo anayetaka kuwaheshimu Mariga na Wanyama asitafute ukuta mwingine wa kuchora sura zao. Alinde viwanja vya mtaa visinyakuliwe. Awape hati wanaokaa kwenye nyumba za zamani. Afisa aanze na salamu. Na wale wa Ulaya wapime mchezaji kwa anachofanya uwanjani, waache kupima nchi aliyozaliwa.

Na kuna mtoi wa Kaloleni leo ambaye hatawahi kuwa wa kwanza kwa lolote. Hatabeba kombe, hataonekana kwenye TV. Yeye pia anadai heshima, na anaidai sasa hivi, kabla hajafunga bao lolote.