Lango Lisilotengenezwa

Ndugu askari, Burundi haina pwani. Intaneti hufika Bujumbura kwa nyaya zipitazo nchi jirani, na katika kila ofisi hupokelewa langoni na mtambo mdogo uitwao ruta.

Ruta hutii programu iliyomo ndani yake. Mojawapo, RouterOS ya kampuni ya MikroTik ya Latvia, hufanya kazi anazozifahamu kila kamanda wa lindo: huchuja waingiao na watokao, hugawa kasi ya mawasiliano, huficha ujumbe njiani, huwapa wasimamizi madaraka tofauti, na huandika daftari la matukio.

Lakini mlinzi hodari hafai kitu ikiwa lango ni bovu. Aprili 2018 yalitolewa marekebisho ya kasoro iliyowawezesha wezi kusoma maneno ya siri ya wasimamizi. Miezi michache baadaye, ruta zaidi ya laki moja duniani zilikuwa zimetekwa, kwa sababu wenyewe hawakuyaweka.

Kwa hiyo kila kambi na kila kituo cha polisi chenye ruta hakina budi kumteua mtu wa zamu: aweke marekebisho, abadili neno la siri msimamizi anapohamishwa, na asome daftari. Bunduki isiyosafishwa humsaliti mwenyewe. Ruta nayo ni vivyo hivyo.