Mvue Viatu, Atembee

Kliniki nyingi za watoto humpima mtoto uzito, humsikiliza kifua, humbonyeza tumbo, kisha humrudisha mapajani mwa mama yake soksi zikiwa bado miguuni. Toleo hili tumelitoa kupinga mazoea hayo.

Kipimo cha kwanza cha miguu hakihitaji mashine. Mtoto abaki na chupi tu, atembee koridoni aende na kurudi, kisha akae sakafuni na kuinuka. Anayejisukuma kwa mikono mapajani ili asimame ana misuli dhaifu, na kitandani usingeyaona hayo. Anayeburuta unyayo, uliza kama alidungwa sindano ya takoni. Anayelalamikia goti, mpime na nyonga.

Mengi yanayowahangaisha wazazi ni ukuaji tu. Anayeanza kutembea huwa na matege. Hunyooka akikaribia miaka 2, magoti yakagongana akiwa na 3 au 4, halafu yakakaa sawa kufikia miaka 7 hivi. Mwenye nyayo bapa msimamishe kwa ncha za vidole: uvungu ukitokea na hana maumivu, mzazi asiuziwe viatu maalumu. (Wapo wanaouziwa, tena kwa bei ya kuumiza.)

Tatizo ni pale mguu mmoja unapopinda na mwenzake umenyooka, au matege yanapozidi wakati wa kupungua. Hapo tunafikiria upungufu wa vitamini D na kalsiamu, na ni sawa. Lakini kwa watoto wa Arumeru, mfano Maji ya Chai, mfungue mtoto mdomo kwanza. Meno yenye mabaka ya kahawia yanakuelekeza kwenye floraidi, ambayo ikizidi hupinda na mifupa, nayo hutoka katika miamba ya volkano ya Mlima Meru na kuingia kwenye maji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Muulize mama anachota wapi maji, na maharage anayalainisha kwa magadi gani, maana magadi nayo hubeba floraidi.

Mguu kifundo, yaani unyayo uliopinda kwa ndani tangu kuzaliwa, ndio usiosubiri. Kwa njia ya daktari Ignacio Ponseti unyayo hunyooshwa taratibu na kufungwa plasta mpya kila wiki, mara nyingi kwa wiki chache tu, kisha mtoto huvaa viatu vyenye upau hadi afikishe miaka 4 hivi. Kazi ni nyepesi zaidi ikianza mapema. Wakunga, tunawaomba: kabla mama hajaruhusiwa kutoka wodini, shikeni nyayo zote mbili za kichanga.