Blade Runner na hukumu ya wiki ya kwanza
Filamu haipaswi kuhukumiwa kwa mauzo ya wiki yake ya kwanza, na ushahidi wangu ni Blade Runner. Mwongozaji Ridley Scott aliijenga Los Angeles ya mwaka 2019 kwa mvua, moshi na taa za neoni, akampa Harrison Ford kazi ya kuwinda binadamu wa kutengenezwa, waliopewa miaka minne tu ya kuishi na wanaotamani zaidi. Watazamaji wa majaribio walipotatizika, wenye fedha wakabandika sauti ya msimulizi na mwisho wa furaha. Haikusaidia. Ilipotoka Juni 1982 watu walikuwa wanafurika kwenye filamu ya E.T., na wahakiki wengi waliiona nzito, haina moyo. Kanda za video ndizo zilizoipa maisha mapya, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 nakala ya awali, isiyo na mwisho ule wa kubandikwa, ikavuta watu Los Angeles. Mwaka 1992 likatoka toleo lisilo na msimulizi. Mwaka 2007 Scott akakamilisha lake mwenyewe. Nawasihi watayarishaji: mwaminini mtazamaji, na zitunzeni nakala za kwanza. Kazi iliyofutwa haiwezi kukata rufaa.